Slagi za 5.5 zinatawanyika mita 70, plombi hazina shida: nigeuze mtutu ao nini?

Shamba_Kasenga

Bandugu, jambo yenu. Niko na karabini ya hewa ya PCP (tanki lake linajazwa hewa ya shinikizo kabla ya kupiga), kaliba milimita 5.5, ya Kituruki, yenye regulata, ile inayoshika shinikizo lisibadilike kwa kila shuti. Inakaa shambani, barabara ya Kasenga, Lubumbashi, kwa sababu ya kunguru. Vifaranga wamekwisha mpaka mama watoto ameacha kuwahesabu. Karatasi zake ziko sawa, tusipotezee muda hapo.

Na plombi za JSB, vile vidonge vya risasi vyenye kiuno, uzito greni 18.13, sina malalamiko. Mita 40 nagonga kifuniko cha chupa ya bia ya Simba bila kuhangaika. Lakini kunguru wamejua umbali wangu. Wanatua mita 70, 80, na ule upepo wa mwezi wa nane unazihamisha plombi pembeni mpaka inachekesha. Mdogo wangu anaendesha lori za Kasumbalesa, akaniletea kutoka Afrika Kusini kopo la slagi, risasi za silinda zisizo na kiuno: greni 30, kipenyo inchi .218, pua yenye tundu. Vitu vizuri kwa macho.

Mita 25 matundu yanagusana. Mita 70 yanatawanyika ukubwa wa sahani ya bukari (ugali), na mengine si duara, ni marefu, sawa vile slagi iliingia kwa ubavu. Kronografu (kipima mwendo) ya jirani inasema plombi mita 275 kwa sekunde, slagi 215. Pampu yangu ni ya mkono. Nigeuze nini: mtutu, slagi, ao regulata?

Djo_Kampemba

Regulata, yaya. 215 ni mwendo wa kulala. Pandisha mpaka bar 150, kaza springi ya nyundo, utaona. Na achana na pampu ya mkono, itakuvunja mgongo. Kwetu hapa kuna wasudi (wachomelea vyuma) wengi wenye chupa kubwa, wanakujazia kwa franga kidogo.

Mkereza_Katuba

Djo, kabla hajakusikia, acha nikukatize. Chupa ya msudi ni oksijeni. Oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na tone la mafuta, grisi ya oringi (pete ya mpira) inatosha, inawaka ndani ya chuma kilichofungwa. Hiyo si karabini tena, ni bomu shavuni. Asetilini usiitaje kabisa. PCP inakula hewa ya kawaida, kavu, basi. Kama mgongo unauma, tafuta kompresa ya bar 300 ya wazima moto ao ya wapiga mbizi, ama endelea na pampu. Hapo sina mzaha.

Sasa wewe wa Kasenga. Nimekereza vyuma maisha yangu yote, na vijana wananiletea mitutu kila mmoja akisema "karabini imeharibika". Yako haijaharibika. Angalia namba zako mwenyewe. Greni 18.13 kwa mita 275 ni kama jouli 44. Greni 30 kwa 215 ni jouli 45. Maana yake karabini imetoa nguvu ileile, wewe umebadilisha mzigo tu. Regulata imewekwa kwa ajili ya plombi, na inafanya kazi yake.

Plombi na slagi haziruki kwa njia moja. Plombi ina kichwa kizito na sketi nyuma iliyo tupu. Hewa inaikamata kwenye sketi na kuinyoosha, mzunguko wa mtutu unasaidia tu. Ndiyo sababu inavumilia mtutu wa hovyo. Na ndiyo sababu inachoka: plombi nzito ikifika mita 100 imebaki na karibu nusu ya nishati yake, slagi nzuri inabaki na robo tatu hivi. Upepo ndio unaona tofauti hiyo kuliko wewe. Lakini slagi haina sketi. Kinachoishika isipinduke ni kuzunguka peke yake. Kadiri ilivyo ndefu, ndivyo inavyodai msokoto wa haraka zaidi, yaani mifereji ya ndani ya mtutu iizungushe kwa kasi. Mitutu mingi ya plombi inazungusha mara moja kwa milimita 450 hivi. Hiyo inatosha slagi fupi. Slagi ya greni 30 ni ndefu, na matundu yako marefu ndiyo yanakuambia hivyo. Kampuni ya FX ya Sweden inauza mitutu ya ndani yenye msokoto wa haraka kwa ajili ya slagi nzito. Hawakuitengeneza mitutu hiyo kwa urembo.

Halafu kipenyo, na hapa ndipo watu wanatupa pesa. Plombi ikiwa kubwa kidogo ao ndogo kidogo, sketi inajipanga. Slagi ni silinda ya risasi. Ikiwa kubwa kuliko mifereji ya mtutu, inakwangua, inapoteza mwendo, na kitako chake kinatoka kimeharibika. Na kitako ndicho kinachoachana na hewa mwisho. Ikiwa ndogo, hewa inapita pembeni nayo inatoka imeinama. Tunazungumza sehemu za mia za milimita: inchi .216 ni milimita 5.49, .217 ni 5.51, .218 ni 5.54. Ndiyo maana H&N wa Ujerumani, JSB wa Czech na NSA wa Marekani wanauza slagi za kaliba ileile kwa vipenyo zaidi ya kimoja. Anayenunua kwa kusoma "5.5" kwenye kopo amenunua bahati nasibu.

Basi pima. Toa hewa yote, hakikisha hakuna kitu ndani. Paka slagi yako moja ya .218 mafuta kidogo, ingiza nyuma ya mtutu, isukume kwa fimbo ya kusafishia yenye ncha bapa, polepole, mkono usikie. Ikitoka mdomoni, ipime kwa mikromita kwenye alama za mifereji, si kwa rula ya mtoto. Na unipe jibu la swali hili: inakaza sawasawa njia yote, ao inakaza zaidi karibu na mdomo?

Kisanga_Fils

Mimi nashauri asinunue tena za kopo, bei yake ni wizi. Betri za gari zilizokufa ziko Lubumbashi nzima. Unapasua, unayeyusha, unamwaga kwenye kalibu. Kuna kalibu za slagi, hata ya kuchongesha unapata.

Mkereza_Katuba

Kalibu nitakuchongea hata kesho, mdogo wangu. Betri hapana, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kazi. Slagi inataka risasi laini, safi, ile unayoweza kuiandika kwa ukucha, ili ijae mifereji bila kula nguvu. Bamba za betri zina antimoni ao kalisi, zinakuwa ngumu. Karabini ya baruti inaisukuma tu, ya hewa haina nguvu hiyo.

Ya pili ni ya watoto wako. Bamba la betri limejaa unga wa risasi na asidi; ukiliyeyusha moshi wake una sumu ambayo huioni, na unga unabaki uani wanapocheza. Kabwe iko hapo tu Zambia. Mgodi ulifungwa 1994 na mpaka leo damu za watoto wa mitaa ile zinapimwa zikiwa na risasi. Ukitaka kumwaga mwenyewe, tafuta mabamba laini ya risasi ya paa la zamani, yeyushia nje, upepo ukiwa mgongoni, sufuria hiyo isirudi jikoni. Hata wasiomwaga: baada ya kushika slagi, nawa mikono kabla ya bukari.

Nyumbu_77

Yote haya kwa kitu cha kuchezea watoto. Si ununue bunduki ya kweli?

Mkereza_Katuba

Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya hewa ya Girardoni tangu miaka ya 1780, kaliba ya milimita 11 na zaidi, na Lewis na Clark walivuka Marekani na bunduki ya hewa 1804 hadi 1806. Mdogo wangu, usisimame mbele ya "kitu cha kuchezea".

Wa_Kadutu

Salamu kutoka Bukavu. Naongeza jambo moja ambalo wazee wa huko chini hulisahau, kwani wao pia wanaishi juu bila kujua. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, sisi huku kama 1,500. Hewa ya kwenu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Slagi inapungua mwendo polepole zaidi, inashuka pungufu kidogo kuliko jedwali lililoandikwa kwenye kopo la Ulaya linavyodai, na kusimama kwake kunakuwa bora kidogo pia. Si uchawi, haitaokoa greni 30 katika mtutu usiofaa.

Kosa ninaloliona kwa vijana hapa ni kwenye programu ya balistiki ya simu, ile ya kukadiria njia ya risasi. Wanaandika shinikizo lililotoka kwenye taarifa ya hali ya hewa, 1013 ao 1015. Namba hiyo imekwisha kurekebishwa iwe ya usawa wa bahari. Shinikizo lenyewe la Lubumbashi ni karibu hektopaskali 880. Andika hiyo, kisha uone darubini na programu vinavyoanza kukubaliana. Vipimo vya mwezi wa saba asubuhi na vya mwezi wa kumi saa nane usivichanganye, joto lina sauti yake hata kwenye regulata.

Shamba_Kasenga

Asanti wakubwa. Nimefanya kama mzee wa Katuba alivyosema. Slagi ilipita kwa mkaza mmoja, sawasawa kabisa, mpaka karibu vidole viwili kabla ya mdomo. Hapo ikagoma. Nilibidi nisukume kwa mikono miwili. Ilipotoka nikaipeleka kwa fundi wa injekta, ana mikromita safi: 5.48 kwenye mifereji.

Sasa kuna mtu ananiambia nikate hizo sentimita za mwisho. Na Djo, kuhusu msudi nimekusamehe.

Djo_Kampemba

Nilikuwa natania nusu. Lakini sawa, nimefuta namba yake.

Mkereza_Katuba

Umepata jibu lako. Mtutu wako una kaba mdomoni, umebanwa makusudi kiwandani. Plombi zinaipenda sana kaba: sketi inalainishwa mara ya mwisho, zote zinatoka sawa. Ndiyo maana unagonga vifuniko. Slagi ya .218 inapita njia yote vizuri, kisha mwishoni inaminywa kwa nguvu kutoka 5.54 mpaka 5.48, na inatoka ikiwa imelegea na kitako kimepinda. Urefu wake na msokoto wako vikaongeza. Ni mambo mawili kwa pamoja.

Kukata naweza. Ni kazi ya saa moja kwenye mashine: unakata, unakereza mdomo upya, unaweka koni safi pale slagi inapoachana na mtutu. Lakini nakwambia hapana, si kwanza. Ukikata umepoteza kaba, na karabini yako ya mita 40 inayokuridhisha haitarudi vilevile kwa plombi. Mtu mwenye mtutu mmoja asikate. Mwenye fedha ya mtutu wa pili, huo wa pili ndio tunaukata.

Fanya hivi. Tafuta slagi za .216, greni 20 mpaka 23, si zaidi. Ni fupi, msokoto wako utazishika, na kaba haitazikamua sana. Pandisha regulata kidogo kidogo, bar tano kwa tano, ukitazama kronografu. Kwa greni 23 unatafuta mita 265 mpaka 280, hapo ni jouli 52 hadi 58. Usikimbilie 320, ukikaribia mwendo wa sauti slagi inapigwa na mawimbi yake yenyewe na kundi linafunguka tena. Kumbuka pampu: kila bar unayoongeza kwenye regulata unailipa kwa mkono, na idadi ya mashuti mazuri kwa tanki moja inapungua. Andika bar za zamani kwa kalamu ya alama kabla hujagusa, ili siku ya plombi urudi bila kubahatisha. Pia tazama kama magazini inazipokea. Nyingine zilichongwa kwa urefu wa plombi, slagi inakwama. Hapo utapakia moja moja.

Sasa jambo ambalo hujauliza. Hao kunguru wa mita 80 wanatua wapi? Kama ni juu ya mwembe na nyuma yao kuna mbingu, sahau slagi. Plombi ikikosa inaanguka imechoka. Slagi ilitengenezwa isichoke, inaweza kupita mita 500 na bado ikaumiza mtu, na barabara ya Kasenga alfajiri imejaa wauza makala (makaa) na baiskeli zao. Slagi unapiga kitu kilicho chini, na nyuma yake kuna kichuguu. Mungu ametupa bichuguu vya mita nne, tano, kila shamba. Hakuna ukuta wa risasi bora kuliko huo.

Shamba_Kasenga

Wengi wako juu ya mwembe, kweli. Lakini kuna wanaoshuka penye pumba za mahindi, na kichuguu kikubwa kiko nyuma pale pale. Nitahamisha pumba ziwe mbele yake kabisa, kunguru waje wenyewe.

Kuna mtu Lubumbashi ana .216 kidogo za kujaribu, kabla sijamtuma tena mdogo wangu na kopo zima?

Mkereza_Katuba

Ninazo, greni 21 na kitu, kopo lilishafunguliwa. Njoo jumamosi baada ya saa nane, Katuba, karabini ikiwa haina hewa. Zile zako za .218 lete zote, kuna kijana wa Likasi mtutu wake unazitaka.