Stika ya Shangazi na mvinyo wa Hombolo

Kikundi: NYUMBA YA BIBI, CHANG'OMBE 🍇

JUMAMOSI

08:41 Shangazi Tabu: Mbukwenyi wana wa nyumba hii

08:41 Shangazi Tabu: 📷 Picha

08:42 Shangazi Tabu: Oneni kazi ya mteja wa jana. Kafungua chupa palepale kaunta, kiwiko kikapita, mvinyo wote umenywewa na stika yangu ya lipa namba

08:44 Dada Rehema: Shikamoo shangazi. Pole jamani 😂

08:44 Shangazi Tabu: Marahaba. Pole gani hiyo yenye meno nje

08:46 Baba Mkubwa: Mbukwa Tabu. Mvinyo wa wapi huo?

08:46 Shangazi Tabu: Wa Hombolo kaka, mwekundu. Ndo maana doa haliendi popote

08:47 Shangazi Tabu: Nimempigia kijana aliyenisajili ananiambia nyingine ni wiki mbili na elfu tano ya usumbufu. Usumbufu wa nani? Nimeandika namba ukutani kwa mkaa

08:49 Baba Mkubwa: Umefanya vizuri. Mkaa haumwagikiwi.

08:52 Mimi: Shikamooni. Shangazi usiitupe hiyo stika!!

08:53 Mimi: Nimeiskani kutoka kwenye hiyo picha yako. Limekuja jina la duka na namba ileile

08:53 Shangazi Tabu: Na doa lote lile?

08:53 Mimi: Na doa lote lile

08:54 Neema: Kaka Elia acha uongo

08:56 Dada Rehema: Hadanganyi. Nimejaribu huku Dar, nimetuma 500 ya majaribio

08:57 Shangazi Tabu: IMEINGIA. Asante mwanangu, endeleeni kujaribu 😂😂

09:03 Mimi: Kinachonichekesha ni kwamba jana usiku nilikuwa nasoma habari hizihizi. Nilianza kwa kutafuta namna ya kuzuia matangazo kwenye simu, kiungo kikanipeleka kwenye kiungo, saa saba usiku nikajikuta Japani mwaka 1994. Hii QR, yaani huo mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe kwenye stika, ilianzia kwenye vipuri vya magari. Kampuni ya Denso ilikuwa inatumia bakodi, ile ya mistari ya kwenye sabuni, na bakodi moja inabeba herufi 20 tu hivi. Boksi moja la vipuri likawa linabandikwa bakodi hadi kumi, na mfanyakazi anaziskani moja moja siku nzima. Mhandisi mmoja anaitwa Masahiro Hara alipenda mchezo wa Go, ule ubao wa mistari wenye kete nyeusi na nyeupe. Akaangalia zile kete, akajiuliza kwa nini taarifa ziende upande mmoja tu kama msururu wa siafu wakati zinaweza kujaa ubao mzima. QR kubwa kabisa inabeba tarakimu 7,089.

09:05 Baba Mkubwa: Denso nawajua. Plagi za gari.

09:06 Neema: Sasa mvinyo unahusikaje

09:08 Mimi: Kiwandani kuna grisi. Walijua zitachafuka. Kwa hiyo mle ndani, pamoja na namba ya shangazi, kuna vijisehemu vingine vya akiba vilivyokokotolewa kutokana na namba hiyo. Sehemu ikiharibika, simu inatumia akiba kuirudisha. Kuna viwango vinne, anayetengeneza ndiye anachagua. Cha chini kinavumilia uharibifu wa asilimia 7, cha juu 30

09:10 Baba Mkubwa: Hapo ndipo sikubali. Hiyo ni simu inabahatisha. Ikibahatisha vibaya, hela ya mteja inakwenda kwa mtu wa Kibaigwa asiyejua hata duka la Tabu liko wapi.

09:11 Mimi: Haibahatishi Baba Mkubwa, ni hesabu

09:11 Baba Mkubwa: Hesabu itajuaje ni wapi pameharibika? Doa linaweza kugeuza cheupe kuwa cheusi. Simu inaona cheusi, basi. Nani ataiambia kwamba pale palikuwa cheupe?

09:12 Dada Rehema: Swali zuri. Elia jibu 🍿

09:19 Mimi: naandika

09:26 Dada Rehema: Bado anaandika

09:27 Shangazi Tabu: 🎤 Sauti, 1:38

09:31 Mimi: Shangazi amenimaliza. Kwa kuwa Baba Mkubwa hasikilizi sauti, nimeiandika ilivyo:

"Kaka, hilo mbona mimi nalifanya kila mwezi kwenye kikoba. Daftari langu kila mwanachama ana mstari wake, kila mwezi una safu yake. Mwisho wa mstari naandika jumla ya mtu, chini ya safu naandika jumla ya mwezi. Sasa mwaka juzi Mama Jose alipiga kelele hela yake haijakaa sawa. Nikajumlisha. Mstari wa Mama Jose ukakataa. Mistari mingine yote imekubali. Nikajumlisha safu, Machi ikakataa, nyingine zote zimekubali. Nikaweka kidole pale mstari wa Mama Jose unapokutana na safu ya Machi. Ndo penyewe. Nilikuwa nimeandika elfu tano badala ya elfu kumi na tano. Hakuna aliyeniambia, jumla ndizo zilizoniambia."

09:33 Neema: Mama 🔥🔥🔥

09:34 Mimi: Ndo yenyewe kabisa. Hesabu ya kwenye QR ni ngumu zaidi, inaweza kukamata makosa mengi kwa pamoja, lakini akili ni hiyo. Waliiandika Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, mwaka 1960. Simu za kupiga picha hazikuwepo hata kwenye ndoto

09:35 Shangazi Tabu: Na mimi sikuwasoma

09:41 Baba Mkubwa: Tabu, maelezo yako nimeyaelewa. Ya Elia bado.

09:42 Dada Rehema: 😂😂😂

09:44 Mimi: Baba Mkubwa, CD zako za kwaya. Zina mikwaruzo na bado zinaimba, si ndiyo?

09:45 Baba Mkubwa: Zinaimba. Na miaka yote niliyokaa na meza yangu ya ufundi Sabasaba nimewaambia watu: CD inafutwa kutoka tunduni kwenda nje. Hawasikii, wanazungusha kitambaa kama wanaosha sahani.

09:47 Mimi: Sababu yake ndiyo hii. CD ilipoingia sokoni 1982 ilikuja na hesabu ya Reed na Solomon ndani yake. Sauti imeandikwa kwa kuzunguka. Mkwaruzo wa kwenda nje unakata kila mzunguko kidogo tu, akiba inatosha kurudisha. Mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ileile na kufuta vitu vingi vilivyofuatana, akiba inaisha, wimbo unaanza kurukaruka

09:52 Baba Mkubwa: Kumbe.

09:53 Baba Mkubwa: Mimi nilijua tu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Fundi aliyenifundisha naye alijua hivyohivyo.

09:55 Mimi: Hata chombo cha anga cha Voyager 2 kilipopita sayari ya Uranus Januari 1986, picha zake zilisafiri karibu kilomita bilioni 3 kuja huku zikiwa zimefungwa kwa hesabu hiyohiyo. Mawimbi yamechoka, kelele zimeingia, Marekani wanakaa wanarudisha kilichopotea

09:56 Shangazi Tabu: Mwe! Na stika yangu imo

09:58 Shangazi Tabu: 🎤 Sauti, 0:19

09:59 Neema: Huyo ni Bibi kachukua simu ya Mama. Anauliza mnaongelea kodi gani tangu asubuhi, kodi ya jengo si inakatwa kwenye LUKU

10:00 Dada Rehema: Bibiii 😂 siyo kodi hiyo. Shikamoo bibi. Dawa yako ninayo, napanda SGR ya jioni

10:04 Dada Rehema: Kwa hiyo Elia, risiti zangu za EFD kwenye dashibodi zimekuwa nyeusi tii, nazo zitasoma? Ofisini wanazitaka

10:06 Mimi: Hizo sahau. Karatasi ile haina wino, imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine inaandika kwa kuichoma kidogo kidogo. Gari likianikwa juani, linakuandikia karatasi nzima. Akiba inasaidia sehemu ikipotea, siyo yote. Piga picha risiti siku ileile

10:07 Dada Rehema: Umechelewa kusoma hiyo makala

11:20 Neema: Nimemaliza kazi za ndani. Nafanya jaribio la kisayansi. Nina tepu ya umeme na mkasi

11:21 Shangazi Tabu: Kwenye stika yangu?

11:21 Neema: Mama si ilishaharibika

11:29 Neema: Kipande cha kwanza katikati, ukubwa wa kucha. Inasoma

11:31 Neema: Cha pili pembeni yake. Inasoma

11:34 Neema: Cha tatu. Imefikiria, imesoma

11:36 Neema: Cha nne. Imekataa

11:36 Baba Mkubwa: Imekataa vipi? Imeleta jina la mtu mwingine?

11:37 Neema: Hapana Mjomba, haileti kitu. Kamera imekaa tu inatafuta

11:37 Baba Mkubwa: Rudia.

11:41 Neema: Nimerudia mara tano. Ama inaleta duka la Mama, ama haileti kitu

11:44 Baba Mkubwa: Basi haibahatishi. Mwenye kubahatisha hanyamazi.

11:45 Mimi: 🙌🙌

11:50 Neema: Ila hii ngoja. Nimetoa tepu zote, nimeweka kipande kimoja tu kwenye kile kiboksi cha pembeni juu. Imekataa hapohapo. Kipande kimoja!

11:53 Mimi: Hapo umegusa macho yake. Vile viboksi vitatu vya pembeni havibebi namba, vinaiambia simu QR iko wapi na imekaa upande gani. Ndo maana hata ukiishika kichwa chini inasoma. Hara na mwenzake walipekua majarida, vipeperushi na maboksi wakitafuta mpangilio wa weusi na weupe ambao hautokei sana kwenye vitu vilivyochapishwa, wakapata 1:1:3:1:1. Pitisha mstari katikati ya kiboksi utaukuta: nyeusi, nyeupe, nyeusi nene mara tatu, nyeupe, nyeusi. Simu isipoviona, haijui hata kama kuna kitu cha kusoma

11:54 Neema: Kwa hiyo mvinyo ungemwagikia pembeni tungelia

11:54 Shangazi Tabu: Mungu anajua kumwaga

12:30 Neema: Taarifa. Nimeenda kuskani kwa majirani. Duka la dawa sawa. Fundi cherehani sawa. Ya Mama Chausiku wa chipsi imeleta jina la mwanaume

12:30 Dada Rehema: Eee?

12:31 Baba Mkubwa: Nilisema mimi. Hesabu zenu zinarudisha kilichoandikwa. Aliyebandika akiwa mwizi, zitarudisha wizi wake ukiwa mzima bila kasoro. Mwambieni sasa hivi. Na namba ya tapeli inatumwa 15040.

12:32 Shangazi Tabu: Watu wanabandika juu ya stika za wenzao kweli, tulionywa kwenye kikao cha soko. Neema mkimbilie

12:33 Mimi: Neema angalia kama kuna stika mbili zimepandana

12:48 Neema: Nimerudi

12:48 Neema: Ni shemeji yake 😭 Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake kabla yeye hajapata cha NIDA. Amenicheka mpaka amenipa chipsi

12:49 Dada Rehema: Na hela je?

12:50 Neema: Hela anaishika shemeji, anamletea jioni. Anasema "huwa analeta"

12:52 Shangazi Tabu: Huwa. Kesho nitakaa naye huyu

12:53 Baba Mkubwa: Kaa naye leo.

15:17 Shangazi Tabu: Jamani

15:17 Shangazi Tabu: Ile tepu ya Neema imeacha gundi kwenye stika nzima inanasa vumbi. Nikachukua spiriti na pamba nikasugua

15:18 Shangazi Tabu: 📷 Picha

15:18 Dada Rehema: Mbona ni karatasi nyeupe

15:18 Shangazi Tabu: Ndo stika hiyo

15:19 Neema: 😶

15:20 Dada Rehema: Imevumilia mvinyo, imevumilia tepu, imekutana na shangazi yangu 😂😂😂😂

15:21 Shangazi Tabu: Elia hiyo akiba yako inasemaje

15:22 Mimi: Akiba imekwisha shangazi. Umefuta asilimia 100

15:26 Baba Mkubwa: Naomba kuuliza. Asubuhi Elia aliisoma kutoka wapi?

15:26 Mimi: Kwenye picha aliyotuma shangazi

15:27 Baba Mkubwa: Picha hiyo imefutwa?

15:28 Mimi: 🤦🏾 Hapana. Ipo juu hapo, 08:41

15:28 Baba Mkubwa: Basi ikachapishwe.

15:30 Mimi: Napita steshenari ya karibu na geti la chuo, jioni nakuleteeni, na nitaipitisha kwenye lamineshini. Shangazi nijaribu kulitoa lile doa kwanza?

15:33 Shangazi Tabu: Liache. Chini yake andika MVINYO WA HOMBOLO UNAPATIKANA HAPA