Naombeni msaada: kujua ghala la mbolea litatosha kwa kutumia simulesheni

Mtunza Ghala
Wakuu habari za leo. Nasimamia ghala la kusambaza mbolea hapa Makambako, mzigo unatoka bandarini Dar kwa malori ya tani 30, tunaupokea, tunaupanga, halafu unaenda kwa mawakala wa Njombe, Mbeya mpaka Songea. Ghala linabeba tani 9,000. Sasa bosi anataka kujua tujenge banda la pili au tusijenge, na hesabu yake ni hii: malori 12 kwa siku, mzigo unakaa siku 20, 12 mara 30 mara 20 ni tani 7,200, nafasi ipo. Lakini Desemba nilikuwa na malori 17 yamelala barabarani na mifuko mingine nimeipanga uani chini ya turubai, ikanyesha usiku, asubuhi tunafunua urea ya chini yote imeshikana, unaigonga na ngumi inalia kama tofali. Iliniuma sana maana kuna mkulima alikuwa anaisubiri. Nasikia watu wanasimuleti ghala, yaani wanaliigiza kwa namba kwenye kompyuta kabla ya kujenga, je kwa ghala kama letu inafaa? Excel naijua ya kawaida tu.

Fundi wa Namba
Pole sana mkuu. Hesabu ya bosi wako ni sahihi kabisa, ndo kanuni ya Little, kwamba mzigo ulioko ndani kwa wastani ni unaoingia kwa siku mara siku unazokaa, John Little aliithibitisha mwaka 1961. Tatizo inakupa wastani, na ghala linajaa ile wiki meli imeshusha Dar alafu mvua huku zimechelewa na mawakala hawachukui. Hiyo wiki haionekani kwenye wastani.

Excel inatosha kuanzia. Kila mstari ni siku moja, mzigo wa leo ni wa jana jumlisha ulioingia toa uliotoka, kuanzia Oktoba mpaka Machi. Namba za kuingia na kutoka kompyuta inaziokota yenyewe kutoka rekodi zenu halisi. Unarudia msimu huo hata mara 1,000 na kila mara unahesabu siku ngapi mzigo ulizidi nafasi. Ila angalia sana hapa, usiokote siku mojamoja kama unachanga karata, malori ya meli moja yanafuatana, siku 6 za malori 25 halafu kimya, ukiyatawanya kilele kinapotea na utaambiwa ghala linatosha. Okota wiki nzimanzima, ya kuingia na ya kutoka pamoja.

Dada wa Stoo
Naomba niongezee maana mbolea nimeshika miaka mingi. Hizo tani 9,000 ni za kwenye karatasi kaka. Urea na CAN, zote mbolea za kukuzia, huwezi kuziweka pamoja, zikichanganyika zinavuta maji zinakuwa uji, kwahiyo kila aina ina safu zake. Safu ya DAP, ile mbolea ya kupandia, ikibaki na paleti 4 (zile fremu za kupangia mifuko) mwishoni, zile nafasi zingine huzigusi mpaka hizo 4 zitoke. Mimi likifika asilimia 85 nalihesabu limejaa, forklifti inakosa pa kugeukia na unahamisha paleti mbili ili utoe moja. Kwenye simulesheni yako hesabu safu, usihesabu tani.

Alafu jaribu na hili, DAP inajaa Novemba ya kupandia, urea na CAN zinajaa Januari ya kukuzia. Kama kila aina mmeitengea eneo lake mwaka mzima, lile la DAP Januari linakaa tupu wakati urea iko uani. Chezesha msimu huohuo ukiruhusu safu ikishakuwa tupu na kufagiwa ichukue aina nyingine, uone siku za kujaa zinapungua kiasi gani.

Fundi wa Namba
Dada kasema kweli tupu. Mkuu nikuulize, lori moja mnashusha kwa muda gani na mna vikundi vingapi vya wapakuaji? Isije ikawa foleni ni ya mlangoni.

Mtunza Ghala
Lori ni mifuko 600, kikundi kinamaliza kwa saa 2, kwa siku malori 5. Vikundi viko vitatu.

Fundi wa Namba
Basi mwisho wenu ni malori 15 kwa siku hata ghala likiwa jeupe. Yakija 25 yanalala 10. Banda la pili bila kikundi kingine halitaondoa hiyo foleni, weka na mlango kwenye hesabu. Na kabla hujampelekea bosi chochote, ingiza namba za Desemba yenyewe, kompyuta isipokuonyesha malori yaliyolala basi kuna kitu hujakiweka.

Mtunza Ghala
Nimekaa nikakumbuka, wiki ile kikundi kimoja kilikuwa ndani muda wote kinahamisha paleti kama alivyosema dada, kwahiyo mlangoni tulibaki na viwili, malori 10 tu. Nimeshachukua daftari la getini la misimu miwili, lina saa ya lori kuingia na kutoka, naanza kuingiza usiku huu na Desemba ndo ya kwanza. Dada nisaidie kitu kimoja, safu ya urea ikitoka kabla CAN haijaingia mnafagia tu au mnaosha?

Dada wa Stoo
Fagia mpaka kwenye kona, usioshe, sakafu ikibaki na unyevu ni yaleyale. Na paleti zilizomwagikiwa urea usizirudishie CAN.