Naomba ushauri: mshambuliaji wangu anakaribia kuondoka bure

Wakuu, salaam kutoka Area C, Dodoma. Katika mchezo wa kompyuta wa umeneja wa soka, jana timu yangu ilipiga mashuti 23, mpinzani akapiga moja tu dakika ya 88 na nikafungwa 1-0, ingawa nakiri kwamba beki wangu wa kushoto alikuwa amepanda hadi karibu na kibendera cha kona. Linaloniumiza zaidi ni mkataba: mshambuliaji wangu amebakiza miezi sita, hivyo kwa kanuni zilizofuata hukumu ya Bosman ya 1995 (ya mahakama ya Ulaya, iliyompa mchezaji haki ya kuhama bila ada mkataba wake ukiisha) anaweza kukubaliana sasa na klabu ya nje na kuondoka bure mkataba ukiisha. Wakala wake anakubali kuongeza miaka miwili, lakini anang'ang'ania kipengele cha kumruhusu anunuliwe kwa bei ya kutupa. Je, nisaini, au nimuuze kabla dirisha la usajili la Januari halijafungwa?