Koti zito likae kwenye begi la mkononi

Wapendwa katika Bwana,

Bwana asifiwe. Nimesoma swali la ndugu anayeratibu safari ya umisheni ya kanisa lao katika majira ya baridi, aliyetaka kujua wasafiri wanunue koti la aina gani. Naomba nianze na jambo ambalo hakuliuliza, kwa kuwa sisi lilitutesa: koti, kofia, glavu na soksi za sufu visiingie kwenye begi kubwa, bali msafiri apande navyo ndegeni.

Ndege yetu ya kwanza ilikawia kuruka kwa sababu mabawa yalikuwa yakimwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu, nasi tukaiwahi ya pili kwa kukimbia, lakini mizigo haikuiwahi, na makoti yote yalikuwa humo. Tulipoambiwa kwamba basi la wenyeji liko karibu, tulitoka nje kulisubiri, na ikapita karibu nusu saa. Mama mmoja wa kwaya akaninyooshea mkono: ncha za vidole viwili zilikuwa nyeupe kama nta, naye akasema hasikii maumivu yoyote. Kutosikia maumivu huko ndiyo dalili ya kuogopwa. Kijana mmoja alipoushika mkono ili ausugue, muuguzi tuliyesafiri naye alimzuia, akaturudisha ndani na kumwambia mama avifiche vidole kwapani hadi rangi irudi. Ngozi iliyoanza kuganda haisuguliwi, wala haisogezwi kwenye hita, kwa sababu imekufa ganzi na inaweza kuungua bila mwenyewe kujua.

Ama kuhusu koti, lile linalozuia upepo ni bora kuliko lililo nene tu, kwani kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndani yake zivaliwe nguo nyepesi mbili au tatu, na inayogusa mwili isiwe ya pamba, maana pamba hunywa jasho ikabaki na unyevu. Viatu viwe na nafasi. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na miguu huzidi kupoa.

Dada yenu katika Kristo

*

Shalom dada,

Pole kwa yaliyowapata, na tunashukuru kwamba mama alipona. Nitaongeza moja tu. Barua ya mwaliko ieleze waziwazi kazi mtakayofanya na mahali mtakapolala, kwa kuwa si kila nchi inayoruhusu mwenye viza ya utalii kuhubiri au kutoa huduma. Kila msafiri, hasa wazee wetu, awe na nakala ya karatasi mfukoni, yenye anwani na namba ya simu ya mwenyeji, kwa sababu betri ya simu huishiwa nguvu upesi kwenye baridi kali, na afisa wa uhamiaji hatasubiri ipate moto.