PS5 Slim au Xbox Series S: ipi itacheza CD zangu za zamani?

BabaWawili_Tanga

Wakuu habari za jioni. Nataka kuwanunulia vijana wangu mashine ya gemu kabla ya likizo ya Desemba. Mpaka sasa nimebaki na mbili, PS5 Slim na Xbox Series S. Muuzaji mmoja kaniambia Xbox ndiyo inayocheza magemu ya vizazi vyote vya nyuma. Mwingine, duka la tatu kutoka hapo, kaniambia PS5 inacheza kila kitu. Nina boksi la CD za zamani na sitaki zigeuke uchafu. Kwa mwenye uzoefu, nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

KipaWaMtaa

Mkuu bado hujatuambia kitu. CD za mashine gani? PS1, PS2, PS3, au za Xbox? Ziko ngapi? Bajeti yako? Nyumbani kuna intaneti au unategemea bando? Vijana wana umri gani? Bila hayo kila mtu atakushauri ununue anayoipenda yeye.

Chipukizi_Dom

PS5, uzi ufungwe. Mtaani kwetu wote wana PS, pedi unaazima kwa jirani, CD mnabadilishana. Ukimletea mtoto Xbox atacheza peke yake.

MamaLao

Mwanzisha uzi, kabla hujatoa hela: Series S haina mlango wa CD kabisa, kila kitu ni kupakua. Inayomeza CD kwenye ukoo huo ni Series X yenye mlango wa CD. Muuzaji wa kwanza kakupa nusu ya ukweli. Xbox ndio waliojitahidi kuliko wote kwenye magemu ya nyuma, ila siyo kwa mashine hiyo uliyoonyeshwa, na siyo kwa CD za PlayStation kama ndizo ulizonazo.

Mimi ninayo Series X na nitaitetea. Nina CD za Xbox 360 nilizonunua 2008 na nazicheza mpaka leo. Xbox One, iliyofuata 360, ilipotoka 2013 ilikuwa haichezi gemu lolote la nyuma. Watu wakalalamika, na Novemba 2015 wakaleta masasisho yaliyofungua magemu ya 360. Mwaka 2017 wakaongeza ya Xbox ile ya kwanza kabisa. Novemba 2021 wakaingiza mengine zaidi ya 70, wakasema hapo ndiyo mwisho, leseni na ufundi vimewafikisha ukingoni. Siyo magemu yote, kuna orodha. Halafu jua kwamba ukiweka CD ya 360 mashine haipakii gemu kutoka kwenye CD, inaitambua tu, kisha inalishusha gemu zima kutoka mtandaoni. CD inabaki kama ufunguo, lazima iwemo ndani kila unapocheza. Gemu moja linaweza kula GB sita au saba. Kwa bando la simu utaumia.

FundiSolda

MamaLao kaeleza vizuri. Niongeze upande wa PlayStation maana nimezifungua nyingi mezani kwangu hapa Kariakoo.

PS2 ilicheza CD za PS1 kwa sababu ndani yake mlikuwa na prosesa ya PS1 yenyewe. Siku za kawaida ilifanya kazi nyingine, ukiweka CD ya zamani inarudia kazi yake ya kwanza. PS3 za mwanzo, GB 20 na GB 60 zilizotoka Japani na Marekani Novemba 2006, zilibeba chipu zote mbili kubwa za PS2. Ndiyo maana zilikuwa nzito na zenye joto, na ya GB 60 iliuzwa dola 599. Zilizofika Ulaya Machi 2007 walitoa chipu moja, kazi yake ikafanywa na programu, na baadhi ya magemu yakagoma. Mwisho wa 2007 ikaja ya GB 40 kwa dola 399, haina hata chipu moja ya PS2. Zikabaki CD za PS1 tu, hizo PS3 yoyote inacheza.

Sasa PS3 yenyewe imejengwa juu ya prosesa inayoitwa Cell, Sony waliitengeneza pamoja na IBM na Toshiba. Haifanani na nyingine. PS4 ya 2013 wakahamia prosesa ya AMD, jamii moja na za kompyuta za kawaida, na gemu lililoandikwa kwa Cell halina pa kushika humo. PS5 inafuata njia ya PS4, kwa hiyo CD za PS4 karibu zote zinacheza. Sony wenyewe wanataja zaidi ya asilimia 99 ya magemu zaidi ya 4,000. Ila CD ya PS3, PS2 au PS1 ukiiweka kwenye PS5 haitacheza, hata uisafishe vipi. Muuzaji wa pili kakudanganya.

Chipukizi_Dom

Mimi sioni tatizo. Mashine mpya ni ya magemu mapya. Nguvu yote ile halafu urudi kucheza picha za 2005?

MamaLao

Chipukizi, wewe hutaki, mwenzako anataka, na alilipia. Simu ukibadilisha, namba yako na picha zako unahama nazo. Kwa nini gemu nililolinunua kwa hela yangu lisihame?

Mwaka 2023 kuna utafiti ulitolewa Marekani na Video Game History Foundation: asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyouzwa nchini mwao huwezi kuyanunua tena dukani kwa njia ya kawaida. Mwaka huohuo, Machi, Nintendo walifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zao za 3DS na Wii U. Sony nao mwaka 2021 walitangaza kufunga duka la PS3, watu wakapiga kelele, wakarudi nyuma. Mashine ikiacha kucheza ya nyuma na duka likifungwa, gemu limekufa hivyo, hata kama CD yako haina mkwaruzo.

Na kuna anayenufaika. Chukua Red Dead Redemption ya 2010. Mwenye CD ya 360 anaiweka kwenye Series X na anacheza bila kulipa tena. Mwenye CD ya PS3 alisubiri mpaka Agosti 2023 likaletwa toleo la PS4, akaambiwa nunua upya. Gemu lilelile. Hilo linaniudhi na nitaendelea kulisema.

FundiSolda

Hapo kwenye haki nakubaliana na wewe, kwenye gharama hapana. Ile chipu ya PS2 ndani ya PS3 ililipiwa na kila mnunuzi, hata asiye na CD moja ya zamani. Kuandika programu ya kuigiza Cell ni kazi ya miaka. RPCS3, ile ya kwenye kompyuta, watu wa kujitolea wanaijenga tangu 2011 na bado kuna magemu yanawasumbua.

MamaLao

Watu wa kujitolea wameweza kufika hapo, kampuni yenye michoro yote ya Cell kabatini ishindwe? Siikubali hiyo, Fundi.

Kaka_Mrefu

Naomba nisimulie yaliyonikuta maana mwanzisha uzi yuko njiani kuingia shimo lilelile.

Nilikuwa na PS4 niliyonunua ikiwa imetumika, dukani wakanipa "na magemu 15 ndani". Juu yake nikawa na CD sita zangu, nilizinunua moja moja kila mshahara ukitoka. Mwaka juzi nikataka kupanda PS5. Jamaa wa dukani akanionyesha ile ya dijitali, bei imeshuka kidogo, akasema usiwe na wasiwasi, PS5 inacheza magemu yote ya PS4, vitu vyako vitahama. Nikauza PS4 siku ileile ili kujazia hela.

Kufika nyumbani nageuza mashine huku na huku natafuta pa kuingiza CD. Hakuna. Neno "dijitali" lilikuwa kwenye boksi, mimi nililiona kama mapambo. CD sita zikalala. Nikasema sawa, angalau yale 15 yapo kwenye akaunti. Nikaingia nayo, nikaanza kupakua, nimechoma bando la wiki mbili kwa magemu mawili. Baada ya mwezi hivi, asubuhi nawasha, magemu yote yana alama ya kufuli. Akaunti haikuwa yangu. Ilikuwa ya duka, na mtu huyohuyo aliigawa kwa wateja wengi, mwishoni nywila ikabadilishwa. Nikaenda dukani, nikaambiwa nilipie upya "huduma".

Nikauliza kama naweza kununua kisomaji cha CD nikichomeke. Kumbe kile kinakaa kwenye PS5 Slim, iliyotoka Novemba 2023, na kwenye PS5 Pro. Dijitali ile ya 2020 haina pa kukifunga. Nilikaa na mwanangu sebuleni tunaangalia menyu tupu, na yeye alikuwa ameshawaambia wenzake waje.

Kwa hiyo usiulize tu "inacheza ya zamani?" Uliza ina mlango wa CD, na akaunti ni ya nani.

KipaWaMtaa

Pole sana kaka. Hilo la akaunti za kugawana limeumiza wengi.

Wa_Nairobi

Na hata ukisema ufungue yako, duka la mtandaoni la PlayStation halijafunguliwa rasmi Kenya wala Tanzania. Wengi wetu tunatumia akaunti ya Afrika Kusini au Uingereza, na kadi za kujaza za hukohuko. Ile huduma yao ya kucheza magemu ya PS3 kwa kutiririsha kutoka mtandaoni nayo haijafika huku. Kwa hiyo mtu akikwambia "PS5 inacheza PS3 kwa usajili", anaongelea watu wa Ulaya na Marekani.

Maoni yangu: nunua kompyuta nzuri. PCSX2, programu ya kuigiza PS2, inacheza CD zako za PS2 kwa picha safi kuliko PS2 yenyewe ilivyoweza.

Chipukizi_Dom

Kompyuta ya kuchezesha PS3 inazidi bei ya PS5. Mtoto wa watu ataanza kujifunza mipangilio badala ya kucheza.

BabaWawili_Tanga

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Nimemwaga boksi lote nikahesabu. CD ziko 41. Za PS2 ni 19, za PS3 ni 14, za PS4 ni 8. Hakuna ya Xbox. Zilikuwa za mdogo wangu, alikuwa na banda la gemu Chumbageni, alipopata ajira Mwanza akaniachia. Vijana wana miaka 9 na 13. Bajeti milioni moja na laki tatu. Intaneti ni bando la simu tu.

MamaLao

Basi Xbox iondoe kabisa, na mimi ndiye niliyeitetea. Haina faida kwako hata moja.

KipaWaMtaa

PS5 itacheza nane kati ya 41. Kwa bajeti hiyo na bila intaneti ya nyumbani, mimi ningechukua PS4 iliyotumika yenye mlango wa CD, na PS3 iliyotumika pembeni. Hapo unafikia 22 na chenji inabaki.

FundiSolda

PS3 usikimbilie ile ya GB 60 kwa tamaa ya kucheza PS2. Nyingi zinakufa kwa taa ya njano, ile ya hitilafu, zinarudi mezani mara ya pili na ya tatu. Chukua PS3 Slim. Na hata hiyo ya GB 60 ukiipata nzima, CD za PS2 humo zinafuata ukanda, ya Marekani haichezi kwenye mashine ya Ulaya. Kwa hizo 19 tafuta PS2 yenyewe. Tena zigeuze uone chini. Ikiwa rangi ya fedha, kwa kawaida ni orijino. Ikiwa na zambarau ni ya kuchoma, na hiyo inataka PS2 iliyowekwa chipu ya kukubali CD za kuchoma, au memori kadi iliyowekwa programu ya kazi hiyo.

Kaka_Mrefu

Mkuu usinunue PS4 leo, magemu mapya yanazidi kuiacha. PS5 Slim yenye mlango, hata kama utasubiri miezi mitatu kujazia.

KipaWaMtaa

Likizo ni Desemba, kaka. Watoto hawasubiri Machi.

Wa_Nairobi

Miaka 9 na 13, chambua hizo CD kwanza. Banda lolote la wakati ule lilikuwa na San Andreas, na hiyo ni ya watu wazima.

BabaWawili_Tanga

Ipo kweli, ziko mbili. Nimezitoa. Kati ya zile 19, zambarau ni 13. Kwa hiyo orijino ni sita tu.

Chipukizi_Dom

Kuna PES ngapi humo?

BabaWawili_Tanga

Naona PES 6, PES 2013, 2014, na FIFA 14.

Chipukizi_Dom

PES 2014 na FIFA 14 ndizo za mwisho kutoka kwa PS2. Kati ya hizo, FIFA 14 haina mpinzani.

KipaWaMtaa

Hapo hapana. PES 6 haijawahi kupatikana tena. Banda la kwetu Mwananyamala ilikuwa shilingi mia kwa mechi, anayefungwa anampisha mwenzake, na hakuna aliyeomba FIFA. Pasi ilikuwa inakwenda pale ulipoitaka.

Chipukizi_Dom

Ilikuwa Adriano anapiga kutoka katikati ya uwanja, kila mtu anachagua Inter. Huo siyo mpira.

KipaWaMtaa

Anapiga kama unamwachia nafasi. Sisi tulijifunza kumkaba.

BabaWawili, kwenye boksi kuna memori kadi?

BabaWawili_Tanga

Ziko mbili, za MB 8. Moja ina jina la mdogo wangu kwa peni.

KipaWaMtaa

Ukipata PS2 usiifute hiyo. Humo kuna misimu yake yote.

FundiSolda

Ukisafiri kuja Dar nipitie, nina PS2 mbili nyembamba za kuuza, moja lenzi nimeibadilisha wiki iliyopita. Njoo na hizo CD sita tuzijaribu kwanza.