Kaya 60 zinakunywa maji ya mto: klorini, chujio la udongo au chupa za juani?

Mtungi: Wadau, kikundi chetu kinataka kusaidia kaya 60 hivi. Wengi ni wazee wanaoishi peke yao, wengine ni mama wenye watoto wachanga, na nyumba 11 zina wagonjwa ambao kinga ya mwili imeshuka. Wanachota mtoni. Mvua ikinyesha, ukidondosha sarafu kwenye ndoo huioni tena. Kuchemsha tumeshawahimiza, kuni hazitoshi. Mngeanza na ipi?

Fundi Bomba: Klorini. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini maji yakipoa hayana mlinzi. Klorini ikibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, inaendelea kufanya kazi hata mtoto akitumbukiza mkono. Ila matope yenu yataila dawa yote kabla haijamfikia mdudu. Acheni ndoo itulie usiku kucha, mimineni yale ya juu polepole, mchuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara 4, ndipo mtie dawa na kusubiri dakika 30.

Salama: Fundi, umesahau hizo nyumba 11. Kriptosporidia, kijidudu cha majini kinacholeta kuhara, haifi kwa dozi ya kawaida ya klorini. Mtu mzima mwenye afya ataharisha wiki moja au mbili apone. Mwenye kinga dhaifu inaweza kumuua. Hao wapeni chujio la udongo.

Fundi Bomba: Hapo umenishika. Lakini chujio nalo linapitisha virusi, kwa hiyo kwao ni vyote viwili: chujio kwanza, dawa baadaye.

Salama: Sawa. Mtungi, jiandae pia na uvivu wa chujio, maana hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa, na matope yakiziba linadondosha kama bomba bovu. Linasuguliwa kwa brashi laini, bila sabuni. Likipata ufa, hata mwembamba kama unywele, hilo si chujio tena, ni chungu.

Jua Kali: Mbona chupa mmezipita? Unajaza maji chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, unaianika juani kwa muda wa saa 6, kukiwa na mawingu mazito siku 2, na jua linaua vijidudu. Haina gharama wala harufu.

Mama Kisima: Kwa bibi wa peke yake, sawa, ilimradi asilazimike kupanda kwenye bati kuzianika. Familia ya watu saba itakesha inahesabu chupa. Na maji ya matope, jua halipenyi.

Mdau Mpya: Si mchimbe kisima tu yaishe?

Mama Kisima: Ndugu yangu, Bangladesh walichimba visima kwa wingi kukimbia vijidudu vya madimbwi, wakaja kugundua arseniki, sumu ya asili iliyomo ardhini. Kisima kinapimwa kwanza arseniki na floridi. Hizo klorini haiziondoi, na kuchemsha kunazizidisha kwa sababu maji yanapungua, sumu inabaki.

Halafu hakuna aliyetaja chombo! Sisi tuligawa dawa tukajipongeza. Asubuhi tukipima klorini ipo, jioni haipo. Kumbe ndoo ziko wazi na kikombe kimoja kinachovya kutwa, kikitoka humo kinawekwa sakafuni. Tulipobadilisha tukaleta ndoo zenye mfuniko na koki, jioni tukaanza kuikuta. Kama fedha ni chache, punguzeni kingine chochote, si koki.

Mtungi: Basi: ndoo za koki kwa wote, klorini kwa wote, chujio kwa zile 11. Swali la mwisho. Wazee wengine macho hayaoni, matone watayahesabuje?

Fundi Bomba: Vidonge, mkuu. Chukueni vya saizi ya ndoo zenu, kimoja ndoo moja.

Salama: Na pakiti zake ni ngumu kufungua. Vidole vya wazee vimekakamaa.

Mtungi: Nimekuelewa. Kesho naanza kuuliza nyumba kwa nyumba nani ana mjukuu karibu.