Nimepangiwa mbwa na mbuzi wanaozurura mjini, siku zinakwendaje wakuu?

Mgeni_wa_Kata:
Wakuu habari za saa hizi. Nimemaliza diploma ya afya ya mifugo nikapata ajira halmashauri, nikajua naenda kijijini kwenye majosho kumbe nimepangwa kata ya mjini kabisa, mifugo yenyewe ni kuku na vibanda vya nguruwe. Mtendaji kanipokea na maneno mawili tu, dogo kazi yako hapa ni mbwa na mbuzi wa barabarani. Chuoni mbwa tulimpitia juu juu. Mlioko kwenye kazi hii siku inakuwaje? Na hii ya kuchanjwa mimi mwenyewe kwanza ni kweli au natishwa?

Mzee_wa_Josho:
Hongera dogo. Ni kweli, chanjwa kwanza, tena kabla hujashika mbwa wa mtu. Sindano ya kwanza leo, ya pili baada ya siku 7, basi. Kichaa cha mbwa dalili zikishamtokea mtu hakuna dokta wa kukurudisha.

Siku yenyewe inaanzia ofisini, watu wapo kwenye benchi kabla hujafika, huyu mbwa wa jirani kala kuku wake, yule halali usiku kwa kelele, na ukisikiliza vizuri unakuta hawa waligombania mpaka wa viwanja zamani, mbwa kaingizwa tu kwenye ugomvi. Hizo mpe mwenyekiti wa mtaa. Wewe kimbilia ile ya "mbwa wangu hali, mate yanamtoka, nadhani mfupa umemkwama kooni". Hapo ndipo vijana wanaponzeka. Mbwa kapoa tuli, taya la chini linaning'inia, hang'ati mtu, mwenye mbwa anakwambia dokta ingiza mkono uutoe. USIINGIZE. Kichaa sio lazima mbwa awe anakimbiza watu, kuna cha kupooza na hicho ndicho kinadanganya.

Kampeni nyingi za chanjo zinaangukia mwezi wa tisa kwa sababu ya ile siku ya kichaa cha mbwa duniani tarehe 28. Weka jumamosi, maana wanaoleta mbwa ni watoto. Utakuta dume kubwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli linamburuza mtoto wa darasa la tatu, na foleni ikikaribiana tu vita. Watenganishe mbali. Mwenye mbwa ndio ashike kichwa, wewe tokea nyuma. Dawa iwe nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, omba nafasi kwenye friji ya kituo cha afya mapema, na barafu usiitegemee ya muuza soda. Lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, ukiishia kwa wale wa mageti makubwa hujafanya kitu.

nesi_wa_zamu:
Naongezea upande wa hospitali. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 hapohapo, sio pilipili, sio mafuta ya taa, halafu aje achomwe chanjo. Kuna sehemu wanamzungusha kwanza ofisi ya mifugo akachukue barua, sasa wewe kaka ukiwa ndio mwenye hiyo barua usimkalishe mtu, mwandikie aondoke. Mbwa kama yupo hai na anajulikana afungiwe aangaliwe siku 10. Shida wananchi wanakuwa wameshamponda kichwa kwa mawe, na kipimo kinatoka kwenye ubongo.

Kibarua wa Jiji:
Mbwa cha mtoto, subiri mbuzi. Ukikamata mbuzi anakula maua ya manispaa dakika kumi simu ya kwanza ya diwani, ya pili ya mtu anayesema ni shemeji wa diwani. Faini ipo kwenye sheria ndogo, isome uitembee nayo, risiti kila shilingi. Na mbuzi akishaingia zizini maji na majani ni juu yako, akifa humo hakuna atakayekumbuka alikula maua.

Mgeni_wa_Kata:
Asanteni sana wakuu nimepata mwanga. Na wale koko wasio na mwenyewe, bado mnapiga risasi?

Mzee_wa_Josho:
Kuna halmashauri bado wanapiga, mimi siungi mkono. Unaua leo, jalala lipo palepale, wanahamia wengine ambao hawajachanjwa, na unakuta uliyempiga ndio alikuwa na chanjo. Halafu asiye na mwenyewe kabisa ni wachache, muulize mama ntilie wa karibu atakwambia huyu namjua namtupiaga ukoko, na kwa huyo mama anashikika vizuri tu unamchoma akiwa anakula.

Gambuti nunua zako. Za ofisi zikija zinakuja saizi moja.